Mia Nne na Tatu

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumia wiki tatu kuwafundisha sehemu watoto ambao nusu yao hawakujua kutoa. Sikujua kwamba hawajui. Azimio la kazi lilisema sehemu, kitabu nacho kilikuwa kwenye sehemu, na andalio langu la somo, nililolipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, lilisema kwamba ifikapo mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kwenye safu ya tathmini nilikuwa najaza maneno yaleyale kila siku: somo limeeleweka.

Ilikuwa mwaka 2005, wilayani Muheza, Darasa la Nne. Watoto walikuwa 83. Hao ndio walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza na ada ya shule ya msingi ilipokwisha kufutwa, na wazazi wakaleta kila aliyekuwa nyumbani. Aliletwa wa miaka saba, akaletwa pia kaka yake wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Kwa hiyo nilipowapokea, dawati moja la watoto watatu lilibeba watano, na katika hao watano mmoja sauti ilikuwa imeshaanza kuwa nzito na mwingine alikuwa bado anang'oka meno. Kwenye daftari la mahudhurio wote walikuwa kitu kimoja.

Siku moja, kuwachangamsha tu kabla ya somo, nilimwita ubaoni yule mwenye sauti nzito nikamwambia, "Andika mia nne na tatu." Akashika chaki akaandika 4003. Darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa aibu yangu nasema. Nikamwambia arudi akae, nikamwita mwingine, akaandika sawasawa, tukampigia makofi, tukaendelea na sehemu.

Usiku, kwenye mwanga wa kandili, nikisahihisha, ile 4003 ikawa inanirudia. Yule kijana hakuandika ovyo. Alisikia "mia nne", akaandika kitu alichokiona kinafanana na mia nne, yaani 400, kisha akasikia "na tatu", akaongeza 3 mwishoni. Aliandika kama alivyosikia. Ukimwambia aandike "baba na mama" ataandika baba, kisha na, kisha mama, na utampa tiki. Kwenye namba ndipo tunapomgeukia.

Shuleni tulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, mama aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Asubuhi nikampelekea daftari la yule kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani huyu tena?"

Nikamweleza. Akaniuliza kama wengine nimewauliza. Nikamjibu nimewapa jaribio, na matokeo ni mabaya.

"Jaribio litakuonyesha nani kakosa. Sasa kakosea wapi, hilo mpaka akwambie mwenyewe. Mwite mezani mmoja mmoja, mpe hesabu moja tu, mwambie aifanye huku anasema. Wewe unyamaze."

Kunyamaza ndiko kulikonishinda mwanzoni. Mwalimu akiona mtoto anateleza, mdomo unamwasha. Lakini nilijikaza, na kwa muda wa wiki mbili, wakati wa mapumziko na baada ya kengele ya mwisho (kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni), niliwaita wote 83. Hesabu ilikuwa hii: 403 toa 178. Jibu lake ni 225.

Wa kwanza akapata 375. Nikamsikiliza: "Tatu na nane, nane kubwa, nane toa tatu, tano. Sifuri na saba, saba kubwa, saba toa sifuri, saba. Nne toa moja, tatu." Kumbe huyu ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kuliko mimi ninavyofuata zangu: kwenye kila safu, kubwa hutolewa ndogo. Mtu fulani alimwambia zamani kwamba kidogo hakitoi kikubwa, naye akalishika.

Wa pili akapata 205. Huyu alijua kukopa. Alikopa kwenye 4, akapata kumi na tatu, akatoa nane, tano. Alipofika katikati akasema, "Sifuri haina kitu," akaandika 0 akapita, kama mtu anayepita nyumba isiyo na watu. Wa tatu akapata 135. Huyu alikopa mara mbili kwa yuleyule 4: mara ya kwanza akarukia mamoja moja kwa moja bila kupitia makumi, mara ya pili akakopa kwa ajili ya makumi. Ukiziweka pamoja, 375, 205 na 135 zote ni mkasi mwekundu ule ule, na wote watatu ningewaambia maneno yaleyale: rudia masahihisho. Lakini wa kwanza hajui kukopa ni nini, wa pili anajua ila anaiogopa sifuri, na wa tatu hajui kwamba mia moja ni makumi kumi. Dawa ni tatu tofauti. Mimi nilikuwa nawapa wote dawa ya nne, ya sehemu.

Halafu kulikuwa na binti mdogo, mpole, aliyevuta karatasi akaanza kuchora vistari. Nikadhani anachezea kalamu. Alikuwa anachora vistari 403 ili baadaye akate 178. Alifika kama sitini hivi rimu ikagongwa. Akaninyanyulia macho akaniuliza, "Mwalimu, niendelee kesho?"

Huyo hakuwa mjinga. Alikuwa na njia sahihi kabisa ya kupata jibu, njia ya darasa la kwanza, na tangu alipotoka huko hakuna aliyegeuka kumtazama.

Niseme kidogo juu ya lugha yetu, maana naona vitabu vya ualimu vinalipita jambo hili haraka. Kiswahili kinamsaidia mtoto sana kwenye kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Ukimwambia kumi na tatu, umeshampa kumi moja na mamoja matatu mkononi. Lakini ukivuka hapo, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, maneno haya tuliyapokea kutoka Kiarabu na hayamwonyeshi mtoto wetu kitu ndani yake. Hakuna tatu anayoweza kuisikia kwenye thelathini. Hakuna nne kwenye arobaini. Mtoto anaimba moja mpaka mia bila kukosea, mgeni anapiga makofi, na bado hajui kwamba thelathini ni makumi matatu. Nimewahi kumuuliza mtoto wa darasa la nne thelathini ina makumi mangapi akanijibu, kwa heshima zote, "Hatujafika huko, Mwalimu."

Basi tukarudi kwenye njiti. Niliwaagiza walete fagio za chelewa zilizokwisha, tukakata njiti urefu wa kidole, tukakata na vipande vya mpira wa baiskeli vya kufungia. Njiti kumi, fungu moja. Mafungu kumi, bunda moja la mia. Yule wa 205 nilimpa mabunda manne na njiti tatu, nikamwambia nipe nane. Akatazama njiti zake tatu. Akatazama mabunda. Akanyoosha mkono kwenye bunda, akaurudisha, akaniangalia kama vile anaomba ruhusa ya kuvunja kitu cha watu. Nikanyamaza. Akafungua mpira wa bunda, mafungu kumi yakamwagika mezani, akachukua fungu moja akalifungua nalo, sasa ana njiti kumi na tatu. Akahesabu yale mafungu yaliyobaki. Tisa. "Mwalimu, kumbe kuna tisa hapa katikati!" Ile tisa ambayo mimi nilikuwa naiandika ubaoni juu ya sifuri iliyokatwa, kwa chaki, yeye alikuwa anaiona kama uchawi wa walimu.

Hapo ndipo nilipoamua kuwagawa, na hapo ndipo nilipoanza kukosea kwa namna nyingine.

Niliwapanga makundi matatu, nikayapa majina ya matunda ili asijulikane nani ni nani: Machungwa, Maembe na Mapapai. Muheza hatuna uhaba wa matunda. Nilijiona nimefanya la maana. Siku ya nne nikasikia kelele uwanjani, watoto wanagombania mpira wa makaratasi, na mmoja anamwambia mwenzake, "Toka hapa, papai wewe!" Watoto walikuwa wamesoma yale makundi yangu kwa haraka kuliko walivyowahi kusoma chochote nilichoandika ubaoni.

Na mimi nilipaswa kulijua hilo. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu alitupanga kwenye madawati kwa nafasi za mtihani. Wa kwanza mpaka wa kumi dirishani, wa mwisho safu ya mlangoni. Nililazwa kwa malaria wiki zile walizofundishwa kugawanya kwa njia ndefu, mtihani ukaja, nikaenda mlangoni. Nilikaa mlangoni mwaka mzima na nusu. Hakuna aliyenifundisha kugawanya. Nilipewa kiti cha asiyejua, basi. Kazi yangu ikawa kufungua mlango mwalimu akija. Kugawanya nilikuja kufundishwa likizo na binamu yangu, kwa siku mbili, chini ya mnazi.

Kwa hiyo majina ya matunda nikayafuta. Makundi nikayafanya manne, nikayaita kwa kazi zake: kundi la njiti, kundi la kukopa, kundi la sifuri, kundi la mbele. Hilo lilisaidia, kwa sababu mtoto hakuwa papai tena, alikuwa mtu anayejifunza kukopa. Lakini kosa kubwa lilikuwa bado liko njiani.

Yule binti wa vistari nilimweka kundi la njiti mwezi Machi. Mwezi Julai mama yake alinifuata shuleni, kanga kiunoni, akasimama mlangoni mwa darasa hakutaka hata kiti.

"Mwalimu, mie shule sikuijua. Lakini huyu ndiye anayenishikia hesabu ya machungwa matajiri wakija na malori. Nikimuuliza shule vipi, ananambia tunahesabu njiti. Juzi njiti, jana njiti. Hizo njiti haziishi?"

Nikamwita binti, nikampa 403 toa 178. Akaandika 225 bila kugusa njiti hata moja. Nikampa 600 toa 247. Akapata 353. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu Aprili. Kwa nini hukuniambia? Akainamisha kichwa: "Uliniweka wewe."

Sijapata kusahau neno lile. Miezi mitatu mtoto alikaa anafunga na kufungua njiti alizokwisha kuzizidi, kwa sababu mwalimu alimweka. Nami nilikuwa nimetumia nguvu zote kujua aanzie wapi, nikasahau kumtazama tena. Nilikuwa nimemjengea safu ya mlangoni kwa njiti za chelewa.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria ya Ijumaa. Kila Ijumaa kila mtoto anafanya hesabu moja, moja tu, na Jumatatu anakaa panapomfaa kwa hesabu ile. Hakuna kundi linalovuka Ijumaa bila kuguswa. Na kundi ni la kutoa, si la Hisabati nzima. Mtoto wa kundi la njiti kwenye kutoa anaweza kuwa wa mbele kwenye saa na fedha, na nilikuwa nao wengi wa namna hiyo.

Mfano wa jambo hilo niliupata nikiwa na wale wepesi, ambao nao nilikuwa nawadhulumu. Mtoto akimaliza mapema nilimwongezea hesabu kumi za aina ileile, au nikamtuma awafundishe wenzake. Mtoto mwepesi naye ana haki ya kukwama. Siku moja nikawaandikia wa mbele swali pembeni mwa ubao: namba za tarakimu tatu ambazo tarakimu zake ukizijumlisha unapata 7 ziko ngapi? 403 ni mojawapo. Walihangaika siku tatu. Mmoja akasema 25, mwingine 27, wakagombana mpaka wakaitana waongo. Siku ya tatu kijana mmoja aliyekuwa anapita kwenda kundi la sifuri (kundi la sifuri, nasema) akaangalia orodha yao iliyochanganyikana akasema, "Si mzipange? Zinazoanza na moja ziko saba. Za mbili sita. Za tatu tano." Wakashuka naye ngazi mpaka kwenye 700, iliyo peke yake. Ziko 28. Akaendelea zake kwenda kujifunza kukopa kwenye sifuri.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba yale ya Muheza yalikuwa yanafanyika kwingine, na kwa mpango bora kuliko wangu. Huko India, shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai mwaka 1995, lilikuwa linawapima watoto mmoja mmoja kwa mdomo, anatambua namba, anatoa, anagawanya, kisha linawaweka pamoja kwa wanachokijua bila kujali darasa, kwa saa moja au mbili za siku, na kuwapima tena baada ya muda mfupi. Kipimo cha namna hiyohiyo ndicho watu wa mradi wa Uwezo walichokuja nacho kwetu Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia mwaka 2009 na 2010, wakipita nyumba kwa nyumba na maswali ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti yao waliipa jina la swali: Je, watoto wetu wanajifunza? Watoto wengi wa madarasa ya juu walishindwa maswali hayo ya darasa la pili. Maofisini watu walishtuka. Walimu tuliokuwa tumewahi kumwita mtoto mezani hatukushtuka.

Na magharibi mwa Kenya, mwaka 2005 huohuo niliokuwa mimi nahangaika na mapapai, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza, baada ya elimu ya bure ya mwaka 2003 kujaza madarasa. Takribani nusu ya shule hizo zilimgawia kila mwalimu watoto kwa kiwango chao, nyingine ziligawa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi kumi na minane, kwenye shule zilizogawa kwa kiwango watoto walikuwa mbele, wa kundi la juu na wa kundi la chini pia. Wapo wanaotumia matokeo hayo kutetea mikondo, kwamba tuwatenge wenye akili na tumalize kazi. Mimi nayasoma kwa macho ya safu ya mlangoni: kundi la chini lilinufaika kwa sababu kulikuwa na mwalimu aliyesimama mbele yake na kufundisha kile hasa lilichohitaji. Mlangoni kwetu hakusimama mtu.

Nisije nikajisifu. Mkaguzi mmoja alipotutembelea alikuta watoto wa Darasa la Nne sakafuni na njiti, akaandika kwenye kitabu chake kwamba mwalimu yuko nyuma ya azimio la kazi. Alisema kweli, nilikuwa nyuma mada tatu. Mtihani wa taifa wa Darasa la Nne haukuniuliza nani ametoka kwenye vistari akafika kukopa, uliuliza sehemu na vipimo kama kawaida yake. Watoto 11 walifika Novemba bado hawajui kukopa penye sifuri. Wengine katika hao walikuwa watoro, wengine nilichelewa kuwafikia, na wawili sikuwahi kujua wamekwama wapi. Waliambiwa wakariri darasa. Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa kurudia mwaka na kwa kumeza maneno bila kuyaelewa, na kwa watoto hao lilikuwa jambo moja kweli.

Na kazi yenyewe inachosha. Kwa watoto 83, kumwita kila mmoja mezani ni wiki mbili za mapumziko bila chai. Kipindi ni dakika 40. Ukiwa na makundi manne, matatu yanapiga kelele wakati wewe uko na moja, na ukichelewa kukata njiti mpya, za zamani zinaishia kuwa mishale. Mwaka 2016, michango ya shule ilipofutwa na madarasa kufurika kama mwaka ule wa 2002, nilikuwa na darasa la tatu lenye watoto zaidi ya mia, na sheria yangu ya Ijumaa ikageuka kuwa ya Ijumaa moja ndiyo, moja hapana. Wanaotuandikia mwongozo wa kumfundisha kila mtoto kwa uwezo wake waje wakae nasi wiki moja, tena waje na chaki zao.

Yule kijana wa sauti nzito alikaa kundi la njiti wiki tano. Alikuwa na haya mwanzoni, mtu mzima na njiti, mpaka nilipomfanya kuwa mfungaji wa mabunda, na mafungu yake yalikuwa hayafunguki hovyo. Alifanya mtihani, akapita, akaenda darasa la tano. Sasa ana kibanda cha baiskeli stendi, na nikipita huninyang'anya pampu mkononi anijazie mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, sikuombi ubadilishe azimio lako la kazi. Kesho, kabla hujafungua kitabu, mwite mtoto mmoja mezani, yule ambaye daftari lake limejaa mikasi, umwambie aandike mia nne na tatu, kisha unyamaze.